Kuasili mtoto Marekani: msaada upo, ila unapitia kwenye kodi

Dada, umeuliza kama hapo Marekani kuna msaada kwa mliolipa wakili na mahakama ili kumwasili mtoto. Upo, ila hupewi fedha mkononi kwanza. Ni punguzo la kodi: unaudai wakati wa kujaza kodi, kwa fomu 8839. Kwa mwaka 2025 kikomo ni dola 17,280 kwa kila mtoto, na hadi dola 5,000 kati ya hizo unalipwa hata kama hudaiwi kodi. Punguzo linalobaki kwa kuwa kodi yako ni ndogo, unalisogeza mbele hadi miaka 5.

Wakili, mahakama, nauli, hata chakula na malazi safarini vinahesabiwa. Ila gharama za kumwasili mtoto wa mumeo, hapana. Mtoto akiwa ni wa nchi nyingine, si wa Marekani, subirini uasili ukamilike ndipo mdai.

Mtoto wa hapo Marekani akiwa chini ya uangalizi wa jimbo, na jimbo limemtambua kuwa na mahitaji maalumu, hapo mna bahati: mnaweza kudai kiwango chote hata kama hamkutumia senti.

Na risiti jamani, zipigeni picha siku hiyohiyo. Zangu niliziweka kwenye kopo la biskuti, nilipolifungua nusu zilikuwa karatasi nyeupe.