Maswali ya wasomaji: Diski kwenye mashine ya kuchonga meno

SWALI: Habari za kazi. Mashine yetu ni ya mihimili mitano (mielekeo mitano ya mwendo). Kraoni (vifuniko vya jino) za zirkonia, ile seramiki nyeupe, zinatoka na mstari kama kingazi kidogo kuzunguka kiuno cha jino, na zikifika kwa daktari zinakuwa juu kwenye kuuma. Mwenzangu anasema diski, lile bamba la duara la malighafi tunalochonga, haiko katikati, maana upande mmoja kuna mwanya wa karibu nusu milimita kati ya diski na ukingo wa fremu. Tununue fremu mpya?
Fundi wa maabara ya meno, Mwanza

JIBU: Msinunue kitu kwanza. Mwanya huo wa nusu milimita si mkosaji.

Bari, yaani ncha inayochonga, haitafuti diski ilipo. Mashine huhesabu kutoka kwenye sifuri yake yenyewe, pale mihimili inapokutana, na huchonga kraoni kufuata hesabu hiyo hata diski ikiwa imesogea kidogo kulia au kushoto. Fikiria unga wa mandazi uliosukumwa ukakatwa duara kwa mdomo wa glasi. Usogeze unga kabla ya kukata, duara litatoka lile lile. Usogeze glasi ikiwa imeshazama, umeharibu. Kwa hiyo kwenye diski mpya swali la maana ni kama diski imetulia tangu bari ya kwanza hadi ya mwisho. Kukaa katikati kunakuwa na uzito pale kazi inapopangwa karibu na ukingo, kwa sababu bari inaweza kugonga pete inayobana diski kwenye fremu, na pale diski iliyokwisha tumika inaporudishwa. Hilo la pili limeulizwa hapa chini.

Pima hivi. Kabla ya kuchonga, chora mstari mwembamba wa penseli unaotoka kwenye diski kupita juu ya pete hadi kwenye fremu. Kazi ikiisha, angalia kabla ya kulegeza skrubu hata moja. Mstari ukikatika, diski imezunguka au pete imeteleza, na dawa iko kwenye ubanaji. Mstari ukiwa umenyooka na kingazi bado kipo, mashine haijui sawasawa mhimili unaogeuza diski uko wapi.

Hapo ndipo hesabu inapowadanganya wengi. Diski inapinduliwa nyuzi 180 ili kuchonga upande wa pili, hivyo kosa la mhimili linajirudia maradufu. Mhimili ukikosewa kwa milimita 0.05, kingazi kinatoka milimita 0.10, na baada ya zirkonia kusinyaa tanurini bado unabaki na takriban 0.08. Mwelekeo nao unasema kitu. Kosa la aina hii huonekana kwenye pande zilizokingama na mhimili wa kupindua. Kingazi kikiwa kwenye mwelekeo wa mhimili wenyewe, rudi ukague ubanaji na kulegea kwa fremu kwenye kishikilio chake.

Na kuwa juu kwenye kuuma? Ni ndugu wa kosa hilo hilo, ila sasa kwa wima. Tundu la ndani linachongwa kutoka upande mmoja na uso wa kutafunia kutoka upande wa pili. Sifuri ya wima ikipotoka kwa 0.05, unene wa kraoni unapotoka kwa 0.10, ama unazidi au unapungua. Kwenu umezidi. Kuisaga kraoni kila inapofika kwa daktari kunaficha ugonjwa tu, tena siku upande ukigeuka mtatoa kraoni nyembamba ambazo hakuna atakayezishtukia hadi zivunjike mdomoni.

Dawa ni kukalibrisha. Pasha joto kwanza spindo, yaani sehemu inayozungusha bari, maana spindo baridi na spindo ya moto hazina urefu mmoja. Weka bari mpya, chonga kipande cha majaribio cha mashine yenu, kipime kwa mikromita mahali mwongozo unapoelekeza, ingiza vipimo, kisha chonga cha pili kuhakikisha. Msitumie kalipa ya plastiki. Haina usahihi wa kuona milimita 0.05.

SWALI: Asalaam aleikum. Nimepasua diski mbili za zirkonia wakati wa kukaza. Ya tatu ilikaza salama lakini daraja la meno lilitoka tanurini na ufa. Je, ni diski mbovu?
Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Inawezekana, lakini anza na kitako cha fremu, pale bega la diski, yaani ukingo wake mwembamba unaoshikwa na pete, linapolala.

Zirkonia kabla ya tanuri ni laini na dhaifu kama chaki. Inastahimili kugandamizwa sawasawa, haistahimili kupindwa. Punje moja ya vumbi lililogandamana chini ya bega inatosha kugeuka egemeo: upande huo umeinuliwa, upande wa pili unavutwa chini na skrubu, na diski inakatika katikati yao. Mji wa pwani kama wenu una unyevu, na vumbi la zirkonia likipata unyevu hushikamana kama udongo. Mashine ikitumika pia kuchonga kwa maji, ndiyo kabisa. Vuta vumbi kwa kifyonza, sugua kitako na upande wa chini wa pete kwa brashi kavu ya nailoni, kisha pitisha kidole. Kidole kinahisi kile ambacho jicho halioni. Usipulize kwa hewa ya kompresa: vumbi linaingia kwenye beringi na reli za mashine, na linalobaki linaingia mapafuni mwako. Vaa barakoa.

Kisha laza diski na uizungushe kidogo kwa mkono. Ikiyumba, itoe, safisha tena. Weka pete, ingiza skrubu zote kwa vidole hadi ziguse tu. Sasa kaza kwa msalaba: skrubu moja, halafu ya mkabala wake, halafu jozi inayofuata. Pita raundi tatu, kila raundi ukiongeza kidogo. Anayekaza skrubu moja hadi mwisho kabla hajagusa nyingine ndiye anayepasua diski, hata fremu ikiwa safi kama sahani ya Idi. Kama mwongozo wa mashine unataja nguvu kwa nyutoni-mita, tumia spana ya torki na ufuate namba hiyo. Kama hautaji, shika spana ya alen kwa mkono wake mfupi, usiongeze bomba kurefusha.

Ufa wa diski ya tatu huenda ulikuwepo tangu kwenye kukaza, mwembamba kuliko unywele. Tanurini zirkonia husinyaa karibu moja ya tano ya urefu wake, na ufa uliolala unafunguka. Siku nyingine mulika diski kwa tochi kutoka nyuma kabla na baada ya kubana. Ufa huonekana kama mstari mweusi.

Akriliki na nta zina tabia tofauti. Hazipasuki, zinakubali. Ukikaza kupita kiasi zinabonyea, na saa chache baadaye pete imelegea kwa sababu plastiki imeshatoroka chini yake. Zikaze kwa wastani na uzirudie kabla ya kazi ndefu. Kobalti-kromiamu ndiyo inayotaka kubanwa kwa nguvu hasa, kwa kuwa mtikisiko wake hulegeza skrubu.

SWALI: Diski iliyobaki nusu tunaweza kuitoa na kuirudisha?
Nairobi

JIBU: Mnaweza, lakini hapa kukaa katikati ni lazima. Programu inakumbuka matundu ya zamani yalipo. Diski ikirudi imesogea au imezunguka kidogo, kraoni mpya inaangukia tundu la jana na inatoka bila ukuta mmoja. Kabla ya kuitoa, weka alama ya kalamu kwenye ukingo wa diski inayotazamana na alama ya kudumu kwenye fremu, andika juu ya diski ni upande gani unaotazama juu, unene wake na namba ya kukuza (ile inayofidia kusinyaa tanurini) iliyochapishwa na mtengenezaji. Namba hiyo hubadilika kutoka toleo hadi toleo, na vumbi huifuta haraka. Diski zenye tabaka za rangi zikirudi kichwa chini, ncha ya jino inapata rangi ya shingo.

Wakati wa kupanga, acha angalau milimita 2 kati ya kazi mpya na tundu la zamani, na zaidi kama alama zenu mnazilinganisha kwa macho. Bora kuliko yote ni kuwa na fremu mbili au tatu na kuacha diski imefungwa humo hadi iishe. Na msiwe wachoyo sana: diski iliyotobolewa kama chujio inatetemeka, na kingo za kraoni zinamegeka.

SWALI: Nimepata diski za milimita 95 kwa bei nafuu. Mashine yangu ni ya 98. Naweza kuzungushia tepu?
Fundi, Dar es Salaam

JIBU: Hapana. Hiyo “98” ya mafundi ni milimita 98.5 zenye bega la milimita 10, na pete yako imetengenezwa kushika bega hilo. Diski za 95 ni za mifumo mingine, kama Zirkonzahn. Tepu itaziba mwanya wa pembeni tu. Bega halitapata mahali pa kulala, na tepu yenyewe ni laini, kwa hiyo diski itasogea bari ikianza kusukuma. Ukitaka kuzitumia, tafuta fremu iliyotengenezwa kwa 95 inayoingia kwenye mashine yako, kisha pima unene wa kila diski kwa kalipa na uuingize kwenye programu wewe mwenyewe. Unene ukiandikwa 14 na diski ni 18, bari itashuka kwa kasi ikidhani iko hewani.