Jikoni na Shangazi: Mama mkwe anakuja, na mkate wa nyama unapasuka

SWALI: Shikamoo Shangazi. Jumapili ijayo mama mkwe na shemeji zangu wanakuja kwetu kwa chakula cha jioni; pamoja na watoto tutakuwa watu wanane. Nataka kuwaandalia mkate wa nyama, ule wa kuoka wenye sosi inayong'aa juu, maana mchuzi na chapati wamekula kwangu mpaka wamechoka. Nilipoujaribu ulipasuka katikati, ukaogelea kwenye maji yake, ndani mkavu, na sosi ikaungua ikawa chungu. Nilitumia kilo moja ya kima nyekundu isiyo na mafuta, mayai manne, vitunguu vibichi na chenga kidogo za mkate. Nikakanda vizuri, nikapaka sosi, nikatia kwenye oveni kwa nyuzi 220. Nilikosea wapi? — Mama Pacha, Donholm

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulipoanza kukanda ndipo ulipoharibu. Unga wa chapati ndio wa kukandwa. Kima ikikandwa pamoja na chumvi hutoa utelezi unaonata, nyuzi zikashikana, na zikipata moto hujikunja na kukamua maji yote. Unachopakua hapo ni soseji nene iliyokosa ngozi. Halafu ukaitia kwenye nyuzi 220, ikakamuliwa mara ya pili.

Tuanze na bucha. Mimi ni mtoto wa Majengo, Pumwani, na nyama yangu naifuata soko la Burma. Nawe wa Donholm unapita papo hapo ukienda mjini kwa Jogoo Road. Usichukue kima iliyokwisha kusagwa. Mwombe muuzaji akukatie bega au shingo pamoja na kipande cha kidari, asage mbele ya macho yako, mara moja tu. Nyama iwe sehemu nne, mafuta sehemu moja. Kima nyekundu tupu kazi yake ni sambusa, ambako ukavu ndio tunaoutaka. Kwenye mkate wa nyama mafuta ndiyo yanayolainisha.

Ukifika nyumbani, chukua slesi nne za mkate wa jana, toa maganda, ukatekate, umwagie kikombe kisichojaa sana cha maziwa. Uache ulowe, kisha uponde kwa uma mpaka uwe kama uji mzito. Huu ndio ufundi wote. Mkate uliolowa hukaa katikati ya nyuzi za nyama, ukazizuia zisikazane, na maziwa uliyoyanywa unabaki nayo hata ovenini. Chenga kavu ulizotia wewe zilifanya kinyume, zikanywa maji ya nyama. Najua kwetu kutia mkate kwenye kima huonekana ubahili. Ni ubahili kweli: Wamarekani, ambao chakula hiki ni chao cha nyumbani, walikishikilia sana miaka ya 1930 uchumi wao ulipoanguka, nyama kidogo ikashibisha watu wengi. Lakini hata leo wenye pesa hawaachi kutia mkate, na sababu ni huo ulaini.

Vitunguu viwili vikate vidogo kabisa, uvikaange na punje tatu za kitunguu saumu mpaka vilainike, halafu uviache vipoe kabisa. Vikiingia vibichi hunywea vikiiva, vikatoa maji na kuacha mianya, na ufa huanzia hapo. Mayai yawe mawili, manne yanaifanya nyama kuwa ngumu. Chumvi vijiko viwili vya chai vya kusawazisha, pilipili manga, dania iliyokatwakatwa. Mkono wangu wa Kiswahili huniwasha nitie bizari zote za kabati, nami naukanya: natia bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, basi. Ukizidisha, sosi haitasikika.

Changanya kwanza vyote visivyo nyama: uji wa mkate, mayai, vitunguu, viungo. Nyama iingie mwisho. Tanua vidole, uvipitishe chini kwa juu, bila kufinya. Ukiona madoa meupe ya mkate yamepotea, toa mkono. Kaanga kipande kidogo uonje chumvi, kwa sababu mchanganyiko mbichi hauonjwi.

Sasa, sahau bati la mkate. Tandaza karatasi ya foili kwenye trei, ufinyange juu yake, urefu kama sentimita 25 na upana 12, kisha ulainishe juu kwa kiganja kilicholowa maji mpaka usione hata mkwaruzo. Ukiwa wazi hivyo, mafuta yanayozidi hutiririka pembeni, na sosi inapata pande tatu za kushika badala ya mgongo peke yake. Oveni iwe nyuzi 180, na iwe imekwisha kupata moto.

Sosi yako iliungua kwa sababu ina sukari, na uliipaka tangu mwanzo. Tia kwenye sufuria ndogo robo tatu ya kikombe cha tomato sosi, vijiko vikubwa viwili vya sukari guru iliyokunwa, na vijiko vikubwa viwili vya siki. Onja kabla ya kutia sukari yote, maana tomato sosi nyingi za madukani kwetu ni tamu tayari. Mimi siki naiacha, natia ukwaju: naloweka kipande kwenye maji ya moto, nakifikicha, nachuja. Uchachu wake unatulia zaidi ulimini, na rangi inapata weusi wa kupendeza. Injika kwa moto mdogo na usiondoke hapo. Mwanzo utaona mapovu madogo yenye haraka. Yakigeuka makubwa, ya kivivu, na sosi ikabaki mgongoni mwa kijiko bila kudondoka, epua.

Dakika ya 40 toa trei, futa juu kwa karatasi ya jikoni, kwa kuwa sosi huteleza kwenye mafuta, kisha upake mkono wa kwanza, mwembamba. Dakika ya 55 paka wa pili, mzito, ushuke hadi pembeni. Kuanzia hapo chungulia: kingo zikianza kuwa nyekundu ya kuiva na sosi ikatokota juu ya nyama, umekaribia.

Kilo moja huchukua saa moja au zaidi kidogo, lakini saa isikudanganye. Kama una kipimajoto cha nyama, kichome katikati, kisome 71. Kima si kipande cha steki cha kuliwa kikiwa chekundu ndani. Vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama mashine imeviingiza mpaka katikati, na una watoto mezani. Mwisho, acha utulie dakika 15 kabla ya kukata, la sivyo maji yote uliyoyapigania yatabaki kwenye ubao. Kata vipande vya unene wa kidole, uandalie viazi vya kuponda na sukuma wiki au kabeji.

Na upike chapati. Umesema wamechoka nazo. Hawajachoka.

SWALI: Shangazi, mimi sina oveni. Nina mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko la makaa. Je, nisahau? — Kijana wa Kayole

JIBU: Usisahau chochote, baba. Bibi zetu walioka mkate wa kumimina bila oveni: walipalia. Tafuta sufuria nzito yenye kifuniko bapa, weka ndani vijiwe vitatu, juu yake kibati chenye nyama. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Tumia nusu kilo, uifinyange mikate miwili midogo. Anza kuichunguza baada ya dakika 35. Kila unapofunua, pangusa majivu kwanza, usije ukaioka na jivu lake. Na jiko hilo liwe nje au barazani, kamwe si chumbani umefunga dirisha kwa sababu ya baridi ya Julai. Hewa ya makaa haina harufu na inaua. Kwa gesi peke yake nyama itaiva lakini juu haitapata rangi, kwa hiyo sosi ikaushe zaidi kwenye sufuria yake, uimwage ukishaepua.

SWALI: Dada yangu wa Mombasa amenipa vipimo na dakika zake. Nairobi iko juu, je, niongeze muda? — Msomaji, South B

JIBU: Ungeniuliza maharagwe ningesema ndiyo, kwa maana kwetu maji huchemka karibu na nyuzi 94, Mombasa ni 100. Oveni haijali mwinuko: 180 ni 180, na katikati ya nyama tunataka 71 tu. Wasiwasi wako uelekeze kwenye kitufe cha oveni. Zipo zinazoandikwa 180 na ndani ni 210. Nunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani, si ghali.

SWALI: Naweza kuandaa yote Jumamosi? Na ukibaki? — Mama Pacha tena

JIBU: Jumamosi kaanga vitunguu, pika sosi, vyote viingie kwenye friji. Nyama na chumvi visikutane mpaka Jumapili, vikilala pamoja kima inakaza. Kilichobaki kiingie friji kabla ya saa mbili kupita tangu mkate utoke motoni, na kiliwe ndani ya siku tatu. Kipande cha jana kikaange upande mmoja kwenye kikaango kikavu mpaka ile sosi igandie, ukitie kati ya slesi mbili na kachumbari. Pacha wafungie cha shule mapema, kabla baba yao hajakiona.