Stockholm kwa mwongozaji wa kukodi: hela ya kutupa au inalipa? Nilienda na bi mkubwa, jibu langu hili

Mkuu umeuliza kwamba mtapita Stockholm kwa muda mfupi ukiwa na wazazi, je mlipie mwongozaji wenu peke yenu au mjiunge na yale makundi ya bure ya mtu kashika mwavuli, wazee watamudu kutembea, na mwisho mnampa tip kiasi gani. Nilienda na bi mkubwa wangu, yaani mama, mwishoni mwa Oktoba, magoti yake hayataki ngazi, na tulikodi mtu, kwa hiyo nina la kusema. Ni refu kidogo, vumilia.

Kwanza kabisa, usitoe ile hela kwa ajili ya kupewa habari. Habari za Stockholm ziko bure mtandaoni, kwamba mji umekaa juu ya visiwa 14, upande huu ziwa Mälaren upande ule bahari ya Baltiki, mfalme nani alijenga nini, zote utasoma ukiwa kwenye ndege. Unachonunua ni mtu ambaye unaweza kumkatiza. Kama nyie ni watu wa kukaa nyuma ya kundi kimya kimya mnapiga picha, nendeni na kundi la bure, mwisho mtoe chochote, mtafaidi vizuri tu. Ila ukiwa na mzee anayeuliza maswali, au una jambo lako ambalo halimo kwenye ratiba ya kila mtu, hapo ndo mtu wa peke yenu analipa.

Halafu bei. Watu wanaogopa wakiona ile tarakimu kwa krona, wanasahau kwamba inatozwa kwa kikundi chote na sio kwa kichwa, mkiwa wanne watano mnagawana inashuka sana. Cha kuangalia ni kilichoandikwa kwa herufi ndogo, maana kuna kampuni moja niliiandikia mwanzo wakanipa bei tamu kweli, kusoma chini naona tiketi za makumbusho hazimo, usafiri haumo, na saa ikizidi mnahesabiwa upya. Niliachana nao. Uliza wazi kabisa: hii bei ina nini ndani? Na uliza kama mwongozaji ana ile idhini ya uongozaji ya mji wa Stockholm, wanaipata kwa kusomea na kufanya mtihani, sio kila anayejiita mwongozaji anayo.

Sasa jambo ambalo naona wengi hawafanyi. Kabla ya safari mwandikie imeili umwambie nyie ni kina nani. Mimi niliandika mistari michache tu, kwamba nakuja na mama yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kazaliwa Pangani baba yake akiwa nahodha wa jahazi, hawezi ngazi nyingi, na anataka kuona alipouawa Olof Palme, yule waziri mkuu wa Uswidi. Yule dada (mtu mzima kidogo, Mswidi wa hapohapo mjini) akajibu kesho yake na ruti tofauti kabisa na ile iliyoko kwenye tovuti yake.

Hilo la Palme vijana mtashangaa, lakini wazazi wetu wa enzi za Mwalimu wanamjua vizuri, Uswidi ilikuwa inasaidia sana Tanzania na vyama vya ukombozi kusini mwa Afrika, na bi mkubwa anakumbuka redio ilivyotangaza. Tulianzia huko asubuhi kwa treni ya chini ya ardhi, lifti zipo usihofu, tukatokea Hötorget tukatembea pole pole hadi barabara ya Sveavägen. Ni kona ya kawaida tu, watu wanapita na mifuko ya shopping, chini kwenye lami ya wapita njia kuna kibao cha chuma na usipoambiwa unakikanyaga unaendelea na safari. Waziri mkuu alitoka sinema na mkewe usiku wa tarehe 28 Februari 1986, kwa miguu, bila mlinzi hata mmoja, akapigwa risasi pale. Aliyeshtakiwa alitiwa hatiani mwaka 1989 kisha rufaa ikamwachia, na mpaka leo hakuna hukumu iliyosimama. Dada akatuambia pia kwamba wiki moja tu kabla ya hapo alikuwa kwenye mkutano mkubwa wa kupinga ubaguzi wa rangi hapohapo Stockholm, na Oliver Tambo wa ANC naye alihutubia. Kaburi liko jirani, uwanja wa kanisa la Adolf Fredrik, jiwe tu lisilo na makuu lenye saini yake. Bi mkubwa alisimama pale muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu ndo waziri mkuu mzima?" maana alitegemea mnara.

Hakuna kundi la bure ambalo lingetusubiri pale muda wote ule.

Toka hapo tukaenda mji mkongwe, Gamla Stan. Wazee wako wataumia hapa kama hamjapanga, sikufichi. Mitaa yote imetandikwa mawe ya duara duara yanayoteleza mvua ikinyesha, halafu kisiwa chenyewe kimepanda katikati kama mgongo wa ng'ombe. Dada alichofanya, alichukua teksi hadi juu, upande wa kasri la mfalme, ili kazi yetu yote iwe kushuka. Mwambie na wa kwenu afanye hivyo hivyo.

Kasri lenyewe kwangu ni jengo kubwa la kijivu-kahawia lenye vyumba zaidi ya 600, tulilipita. Ng'ambo ya barabara kuna kanisa la Kifini, unaingia kiuani nyuma yake, na hapo kuna kijisanamu cha mvulana wa chuma kakaa kakumbatia magoti anaangalia mwezi. Ana urefu wa sentimita 15 hivi, yaani shibiri haifiki! Watu wanamshonea kofia na skafu baridi ikianza, siku tuliyoenda alikuwa na kofia nyekundu ya sufu ya saizi ya kikombe cha kahawa, kichwa kinang'aa kwa kupapaswa na mbele yake sarafu za nchi chungu nzima. Bi mkubwa akafungua pochi, akatafuta weee, akatoa shilingi mia mbili ya kwetu akamwekea. Kama kuna mdau atapita huko aniambie kama bado ipo.

Halafu uwanja wa Stortorget, zile nyumba nyembamba za rangi unazoziona kwenye kila picha ya Stockholm. Hapa ndo mfalme Christian wa Pili wa Denmaki, Novemba 1520, baada ya kutawazwa na kufanya sherehe siku tatu na wakubwa wa Uswidi, aliwafungia milango akawachinja, maaskofu na makabaila, kati ya themanini na mia hivi. Mmoja wa waliopoteza baba pale ni kijana Gustav Vasa, akaanzisha uasi, na tarehe 6 Juni 1523 akawa mfalme, ndo maana sikukuu ya taifa lao ni hiyo tarehe. Kuna nyumba nyekundu yenye mawe meupe ukutani, utawasikia waongozaji wa makundi wanasema kila jiwe ni kichwa kilichokatwa. Wetu alicheka, akasema ule ukuta ni wa zaidi ya miaka mia baadaye, ila hadithi inauza.

Jengo kubwa la upande wa juu wa uwanja, chini ni makumbusho ya Nobel, juu ni Akademia ya Uswidi inayochagua mshindi wa fasihi. Sasa wana Zanzibar sikilizeni, tarehe 7 Oktoba 2021 saa saba mchana ndo humo ndani jina la Abdulrazak Gurnah lilitangazwa. Medali yenyewe alikabidhiwa Uingereza kwa sababu ya korona, lakini jina lilitokea pale. Kwenye mgahawa wa makumbusho kuna viti vimesainiwa chini na washindi, unakipindua kiti unasoma, na wahudumu wala hawashangai wakikuona umebeba kiti kichwa chini. Tukanywa kahawa mtaa wa jirani, wana mkate mtamu wa kusokota wenye iliki nyingi, bi mkubwa kala viwili akasema huyu mpishi kafundwa Pangani.

Kutoka pale ni kushuka hadi Järntorget. Kuna kichochoro cha Mårten Trotzig hapo karibu, upana wake mwisho ni sentimita 90, nilipanda mimi peke yangu, ni ngazi tupu, mzee akabaki kwenye benchi na dada wanapiga soga.

Toka hapo usipande basi la watalii tafadhali. Tembea kidogo hadi gati la Slussen, kuna feri namba 82 inakwenda kisiwa cha Djurgården, ni tiketi ile ile ya mabasi na treni, na mji wote unauona ukiwa juu ya maji. Watu wanalipia boti za utalii hela nyingi kuona nusu ya hayo.

Djurgården ndo kuna Vasa. Hii ni meli ya vita ya mfalme Gustav wa Pili Adolf, mizinga 64, ilitoka bandarini tarehe 10 Agosti 1628 safari yake ya kwanza kabisa, ikaenda kama mita 1,300, upepo ukaipiga, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga ikazama mbele ya mji mzima. Ikalala chini miaka 333, wakaiopoa Aprili 1961, na leo imesimama nzima ndani ya jumba lenye giza na ubaridi (beba sweta). Ukiingia tu unakutana nayo, nyeusi, ndefu, shetri yake (sehemu ya nyuma) imejaa masanamu ya mbao juu mpaka chini, hata mtoto mtundu ananyamaza.

Sasa dada kaanza maelezo yake, mfalme alitaka mizinga mingi, safu mbili, mimi natafsiri, bi mkubwa anaangalia tu lile tumbo la meli. Kabla hata hajafika kwenye sababu, mama akaniambia, "Muulize, farumi walitia kiasi gani?" Nikahangaika kuelezea mawe ya kutia chini ya chombo ili kisipinduke, dada akanyamaza kidogo halafu akacheka, akaacha maelezo yake yote akatushusha kwa lifti hadi chini kabisa, usawa wa mkuku (ule mti mkuu wa chini ya chombo), akaanza kumwelezea mama moja kwa moja kama mimi sipo. Kwamba mawe walitia, ila meli ilikuwa nyembamba chini na nzito juu, na wangeongeza mawe basi madirisha ya mizinga ya chini yangekaribia maji. Kwamba kabla ya safari walijaribu kwa kukimbiza watu 30 kutoka ubavu huu hadi ule, meli ikayumba hadi wakawasimamisha isije ikazama gatini, na bado ikaruhusiwa kuondoka kwa sababu mfalme yuko vitani anaisubiri. Baraza likakaa, hakuna aliyeadhibiwa, fundi mkuu alikuwa ameshakufa mwaka mmoja kabla.

Bi mkubwa akauliza tena, mbao hizi mbona hazijaliwa, walipaka deheni (yale mafuta ya kukinga mbao za chombo)? Jibu ni kwamba Baltiki ina chumvi kidogo mno, wale wadudu wanaotoboa vyombo vyetu huku hawaishi kule. Basi wakakaa wawili hao wanaongea majahazi, saa ikapita, na dada hakutudai nyongeza ingawa alikuwa na haki.

Mtu atasema makumbusho ya Vasa yana waongozaji wao, na tiketi inawajumuisha. Kweli kabisa, na ukiwa mwenyewe watumie hao. Hata jumba la mji, lile la matofali mekundu wanakofanyia karamu ya Nobel kila Disemba 10, ndani huzunguki mwenyewe, unaingia na msafara wa mwongozaji, unaona Ukumbi wa Buluu ambao wala sio wa buluu na ule wa Dhahabu wenye vipande zaidi ya milioni 18 vya mozaiki. Usichome masaa ya mtu wako binafsi huko, mwache. Skansen (makumbusho ya wazi ya nyumba za kale) na makumbusho ya ABBA, lile kundi la muziki, vilevile, nendeni wenyewe mchana wa pili. Mtu wa kukodi mpeni nusu siku ya mitaani, pale ambapo hakuna vibao, na sehemu moja ambayo mzee wako ana hamu nayo kweli.

Mengine haraka haraka. Beba kadi, sehemu nyingi hawagusi noti kabisa, hata choo cha kulipia utalipa kwa kadi. Maji ya bomba kunywa tu. Msiende Disemba na wazee kama mnaweza kuchagua, jua linazama kabla ya saa tisa na nusu alasiri na mawe yanakuwa na barafu. Juni mpaka usiku kabisa bado kweupe.

Tip sio lazima kule, mwongozaji ana bei yake na hakuangalii mkono kama papasi (wale wanaowaganda watalii) wa Forodhani Zanzibar. Sisi bi mkubwa alimpa leso (kanga) aliyokuwa nayo begini, ya zawadi, haikuwa hata imefunguliwa. Dada akauliza maandishi yanasema nini, nikamsomea, akaomba nimwandikie kwenye karatasi. Kama wazazi wako ni wa Pwani bebeni moja.