Usiisogelee ndege kabla taa nyekundu haijazimika

Mdogo wangu, umeuliza kama ni sawa kukimbilia kuweka koni za tahadhari kuzunguka ndege mara tu ikisimama, kwa kuwa msimamizi anataka mizigo ishuke haraka. Si sawa kabisa. Ndege kusimama si injini kuzimwa. Tarehe 31 Desemba 2022, uwanjani Montgomery, Alabama, Marekani, mfanyakazi wa mizigo alivutwa na injini ya ndege aina ya Embraer akafariki. Marubani walikuwa wameziacha injini zikizunguka kwa sababu mtambo mdogo wa umeme wa ndege ulikuwa mbovu. Taa nyekundu, ile inayoonya kuwa injini bado zinazunguka, ilikuwa ikiwakawaka.

Taa hiyo iko mgongoni na tumboni mwa ndege. Ikiwa inawakawaka, baki nyuma ya mstari wa usalama hata ukifokewa. Subiri izimike, magurudumu yawekewe vizuizi, kisha kiongozi wenu atoe ishara. Masikio usiyategemee: umevaa vikinga sauti na ndege jirani inanguruma, utajuaje ipi imezimwa?

Halafu trekta la kuvuta mizigo. Jaribu breki kabla ya kuingia eneo la ndege, sio ukishafika ubavuni mwake. Na pete ivue nyumbani, nimeona kidole kikinaswa kwenye mlango wa kontena.