Maswali na majibu: nasaba za wazee wetu Kigoma

Vijana wa makanisa na misikiti ya Kigoma wanaojitolea kurekodi wazee wakisimulia koo zao wametuuliza mengi. Haya ndiyo yanayojirudia.

Baadhi ya wazee wa kanisa wanasema kukusanya majina ya mababu ni kurudia mizimu. Tuwajibu nini? (Gungu)

Kumtaja babu si kumtambikia. Injili ya Mathayo inafungua kwa orodha ya vizazi, kumi na vinne mara tatu, na Zaburi ya 78 inasema tuliyoambiwa na baba zetu hatutawaficha wana wao. Waislamu nao wana hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayohimiza watu kujifunza nasaba zao ili waunge udugu. Anzeni na wazee haohao wenye wasiwasi. Jambo moja tu mlishike: mzee akieleza matambiko ya zamani, rekodini alivyosema, msimkatize kumhubiria. Akiona uso umekunjwa ataanza kusema anachodhani mnataka kusikia, na hapo amana imeshaharibika.

Bibi hajui mwaka aliozaliwa. Kitambulisho kinasema 1945, mwenyewe anasema waliandika tu. (Kasulu)

Msimuulize mwaka, muulizeni alikuwa anafanya nini. Tuseme anajibu: "Siku za Uhuru nilikuwa sijavunja ungo, lakini nilishaanza kutumwa maji peke yangu." Mtoto wa kutumwa maji ni wa miaka saba hadi kumi na mbili hivi. Uhuru ni 1961, kwa hiyo alizaliwa kati ya 1949 na 1954. Mpimeni tena kwa tukio lingine: walipohamishiwa vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970, nani alikuwa mgongoni? Kama ni mtoto wa pili, hesabu inakaa. Kama alikuwa tayari na mjukuu, kuna tukio amelichanganya. Rudini naye polepole.

Kwa vizazi vya nyuma, alama za Kigoma zinasaidia sana. Reli ilifika 1914. Wabelgiji waliingia 1916 wakaondoka 1921. Meli tunayoiita Liemba ilizamishwa na Wajerumani 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Mamlaka ya machifu yalifutwa 1963. Andikeni "kati ya 1949 na 1954", msiandike "1951" ili ionekane nadhifu. Na ule 1945 wa kitambulisho uandikeni pia, pamoja na maneno yake kwamba waliandika tu.

Familia za Kikatoliki ziombe paroko awaangalizie kitabu cha ubatizo: kina tarehe, wazazi, msimamizi, na mara nyingi ndoa imeongezwa pembeni. Ila aliyebatizwa mtu mzima, umri wake ulikadiriwa. Kwa Waislamu, ulizeni kama kuna msahafu wa zamani nyumbani; wapo waliokuwa wakiandika uzazi wa watoto kwenye kurasa tupu za mwisho.

Mzee mmoja ametupa baba watatu. Mti haukai sawa. (Mwanga)

Yuko sahihi, mlimuuliza vibaya. Baba mkubwa na baba mdogo ni baba. Kwa kila jina ulizeni: ndiye aliyekuzaa? Wewe na huyu ni tumbo moja? Mama yake nani? Swali la mama ndilo linalosahauliwa, na ndiyo maana miti mingi imejaa wanaume na kina "Mama Hamisi". Mama Hamisi alikuwa na jina kabla Hamisi hajazaliwa. Ulizeni alilopewa na baba yake, kisha la ubatizo, kisha la utani.

Simu ya kawaida inatosha? (Kibirizi)

Inatosha. Iweke kwenye hali ya ndegeni ili isiite katikati. Ilaze juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, kama sentimita 30 kutoka mdomoni kwa mzee. Ikikaa kwenye meza tupu, kila kikombe kinachogusa meza kinalia kama ngoma. Upepo wa ziwa unaharibu kuliko kelele za watoto, kwa hiyo kaeni ndani au nyuma ya ukuta. Ila mvua ikianza juu ya bati, simamisheni. Kama mna nafasi, pangeni kazi kati ya Juni na Septemba.

Chagueni faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, kama programu inaruhusu. Saa moja ya sauti ya chaneli moja ni kama MB 320, hivyo memori kadi ya GB 32 inabeba karibu saa mia. Kwanza rekodini dakika moja, sikilizeni, ndipo muanze: tarehe, mahali, majina ya waliopo, na mzee mwenyewe akisema amekubali.

Babu wa Ujiji anasema "sisi ni Wamanyema" kisha ananyamaza. Tumbane? (Ujiji)

Hapana. Misafara ya pwani ilipita Tabora ikaishia Ujiji, na kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, walikuja wafanyabiashara, wapagazi, askari na watumwa. Jina moja limewafunika wote, na limewasitiri wengi. Kuandika "mtumwa" kwa kukisia ni kumvua mtu nguo mbele ya wakwe zake.

Ulizeni pembeni: bibi yake aliwabembeleza watoto kwa lugha gani? Kiwanja cha kwanza walipewa na nani? Nani alizikwa hapa wa kwanza? Kisha nyamazeni. Hesabuni hadi kumi kimoyomoyo kabla ya swali jingine. Mengi mazito hutoka kwenye saba au nane. Akisema, mwulizeni papo hapo nani asikie: wote, ukoo tu, au baada ya yeye kufariki. Jibu lirekodiwe kwa sauti yake na liheshimiwe, hata kama ndilo simulizi bora kuliko yote mliyonayo. Kwa walio hai kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Tumlipe? (Kakonko)

Msilipie simulizi. Kilo ya sukari na sabuni, sawa kwa kila mzee, baada ya kazi.

Tunahifadhi kwenye grupu la WhatsApp. (Kasulu)

Hapo hamjahifadhi. Sauti inabanwa, na simu ikipotea mnaanza kutafutana. Mkitumia WhatsApp, tumeni kama dokumenti. Wekeni nakala tatu: kompyuta ya parokia au madrasa, flashi kwa familia, na moja mji mwingine. Jina la faili lianze na tarehe, mfano 2025-07-12_Kasulu_01. Flashi zifunguliwe kila baada ya miezi sita na faili zichezwe. Kuandika maneno ya saa moja huchukua saa nne hadi sita, zaidi kama mzee anachanganya Kiha, kwa hiyo msirekodi wazee ishirini kabla ya kumaliza kuandika watatu. Kisha mrudi kumsomea kila mmoja alichosema, asahihishe majina akiwa bado yupo.