Stegun kamwathiri nani?

SWALI: Nafundisha hisabati katika shule ya sekondari hapa Lamu. Natayarisha bango la wanahisabati wanawake, na kumhusu Irene Stegun wa Marekani nimeandika hivi: "Kazi yake kuhusu fanksheni maalumu imewaathiri wanasayansi wengi, naye amenukuliwa mara nyingi mno." Mwenzangu asema si "amenukuliwa" bali "amerejelewa". Nani ana haki? (Mwalimu, Langoni)

JIBU: Mwenzio ana haki, na kesi yenyewe fupi. Kunukuu ni kuyachukua maneno ya mtu kama alivyoyasema. Kitabu alichokihariri Stegun pamoja na Milton Abramowitz, kilichotoka mwaka 1964 kikiwa na kurasa zaidi ya 1,000 za fomyula na majedwali, nani atakinukuu? Anayetaka kukokotoa ngozi ya ngoma inavyotetemeka ikipigwa hukutana na fanksheni za Bessel, aina mojawapo ya hizo fanksheni maalumu, yaani zile zinazojirudia mno katika hesabu za sayansi hata zikapewa majina na majedwali yake. Hufungua sura ya 9, huchukua fomyula inayomfaa, kisha huandika namba yake kwenye makala. Hakunakili sentensi hata moja. Amerejelea, basi.

Lakini mwalimu wangu, mbona hilo "imewaathiri" umelipita kimya?

Neno hili limenikera miaka na miaka. Asili yake ni Kiarabu, athar, alama inayobaki nyuma, na huko halina ubaya wowote. Huku kwetu limeshaoza. Ukame huathiri. Mafuriko huathiri. Fungua redio asubuhi: waathiriwa wa ajali, walioathirika na kipindupindu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kwa nini? Kwa sababu ujenzi wa bandari uliwaathiri. Kila nahodha na kila muuza samaki anajua maana ya neno hilo: mikoko kukatwa, maji kuchafuka tope, samaki kuhama. Sasa mvuvi huyo apite mbele ya shule yako, asome kwamba bibi mmoja wa Marekani amewaathiri wanasayansi wengi. Atauliza: wameshalipwa? Wakili wao nani? Na huyo Stegun, hakuona mahali pengine pa kuchimba? Ukimwambia kesi haipo, atasema ndiyo kawaida, wakubwa hawashtakiwi.

Tena bibi hakuwa peke yake. Abramowitz alifariki mwaka 1958, kitabu hakijatoka. Kwa Kiswahili chako, marehemu yuko kaburini na hadi leo anaathiri watu. Hapo hatuhitaji mwanahisabati, twahitaji mganga.

Utetezi naujua. Wasomi huandika "athari za Kiarabu katika ushairi wa Lamu" na hakuna anayeshikwa na homa. Haya, nomino nimeisamehe. Nimechoka kupigana nayo. Kitenzi siwezi. "Mwalimu wangu ameniathiri sana," asema mwanafunzi siku ya kuagana, na mwalimu mwenyewe yuko jukwaani anatabasamu! Mwanangu, sema alikufaa, alikuongoza, alikufumbua macho. Nayo kazi ya kitaalamu ina mchango, ina manufaa, watu huitegemea, wengine hujenga juu yake. Maneno tunayo tele, hakuna haja ya kuazima la kipindupindu.

Bango liandike hivi: "Irene Stegun (1919–2008) alikikamilisha kitabu cha fanksheni maalumu baada ya mwenzake kufariki. Wanasayansi wamekitegemea tangu kilipotoka, na ni miongoni mwa vitabu vinavyorejelewa zaidi katika hisabati."

Na ukiingiwa na hamu ya kuongeza kile kipimo cha h, cha kupimia jinsi maandishi ya mtaalamu yanavyorejelewa, alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, jizuie. Mwenye h ya 20 ana maandishi 20 yaliyorejelewa walau mara 20 kila moja. Kitabu kimoja, hata kirejelewe na dunia nzima, huhesabiwa kimoja tu. Stegun angetoka hapo kama mtu asiyefanya kitu, na wanafunzi wako wangekuuliza umembandikia nini ukutani.