Re: Kunguru wamekufa uani, je ni West Nile?
Habari mkuu. Umeuliza kama hao kunguru uliowakuta wamekufa uani hapo Texas wanaweza kukupa West Nile, ule ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Kwanza usiwashike mikono mitupu, piga simu idara ya afya ya kaunti kabla hujawatupa, kwa macho huwezi kujua kilichowaua. Ila wa kuogopa zaidi ni mbu aina ya kuleksi, anamnyonya ndege mwenye virusi kibao kwenye damu halafu anakuja kwako, na ndo maana New York 1999 kunguru walianza kufa kabla watu hawajajua kuna ugonjwa. Mi huku naanza na ndoo, matairi na mifereji ya paa, namwaga maji yote, jioni tunapaka dawa ya mbu, watoto hasa. Farasi wana chanjo, sisi bado hatuna.